DENI LA UMEME NA NJIA YA KUTOKA KATIKA DENI HILO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Vitabu vya fiqhi vimejaa mas-ala ya madeni: deni la ngano, deni la tende, deni la ngamia, deni la dinari na dirhamu. Deni la umeme halimo humo kwa jina lake, kwani umeme haukuwako zama za waliovitunga. Kwa sababu hii watu wengi wamelitoa deni hili katika hisabu ya madeni. Huonekana mjini Mwanza, toka Kirumba mpaka Igoma, mtu asiyeweza kulala na deni la nusu kilo ya sukari kwa mwenye duka jirani yake, naye ana deni la umeme la mamia ya maelfu, la mwaka wa pili au wa tatu, wala halimkoseshi usingizi. Huyo mwenye duka hukutana naye msikitini kila alasiri, akamwonea haya. Ama Shirika la Umeme halina uso wa kuonewa haya. Walakini haki haipungui kwa kuwa mwenyewe hana uso.

Mafunzo haya yamepangwa kwa fasli sita, ili ajue mwenye kudaiwa deni lake ni la namna gani, ni la nani, na atatokaje humo bila ya kuongeza dhambi juu ya deni.

FASLI YA KWANZA: Umeme ni mali, na thamani yake ni deni

Wako wasemao kuwa umeme hauonekani wala haushikiki, basi vipi utakuwa na bei? Jawabu yake ni nyepesi. Mali katika sharia ni kila kitu chenye manufaa ya halali ambacho watu hukitoa na kukipokea kwa thamani. Umeme una manufaa: huwasha taa, hupiga pasi, hugandisha samaki. Tena hupimwa kwa uniti, kama nafaka ipimwavyo kwa pishi. Na mwenye kuungiwa umeme hutia sahihi katika fomu ya TANESCO kuwa atalipa. Hiyo ndiyo ijabu na kabuli.

Na hata akibisha mbishi kuwa biashara hii ina kasoro katika sharti zake, hoja yake haimwokoi. Kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu akipokea kitu kwa biashara isiyosihi kisha akakitumia kikaisha, yampasa kukidhamini. Umeme uliokwisha kutumika haurudishiki. Imebaki thamani yake, nayo i katika dhima ya aliyeutumia mpaka ailipe au asamehewe.

FASLI YA PILI: Namna deni hili liingiavyo nyumbani

Deni la umeme huingia kwa milango minne, na hukumu zake si moja.

Mlango wa kwanza ni mita za zamani, ambazo mtu hutumia kwanza akaletewa ankara baadaye. Ankara ya mwezi huu huwekwa juu ya kabati, na ya mwezi ujao juu yake, mpaka jumla ikawa kubwa kuliko kipato cha mwezi.

Mlango wa pili ni deni la zamani kuhamia katika mita ya LUKU. Neno hili ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na mita hizo zililetwa ili mtu anunue kwanza ndipo atumie. Wengi walidhani kwamba mita mpya imefuta deni la kale. Haikufuta. Deni hufuata mita, na kila anunuapo umeme hukatwa sehemu ya fedha kwa ajili ya deni, akapata uniti chache kuliko alizotarajia. Hapo huanza kulaumu kuwa ameibiwa, naye analipa lake mwenyewe.

Mlango wa tatu ni kodi ya jengo. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 Serikali hukusanya kodi hii kwa njia ya LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa; mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500 na 7,500. Asiyenunua umeme miezi mitano hukuta kodi ya miezi mitano inamngoja siku atakayonunua.

Mlango wa nne ndio mbaya, nao ni kuiba umeme: kuruka mita, au kuvuta waya kwa siri. Wakikamata wakaguzi, mtu hutozwa thamani ya alichokitumia pamoja na faini. Hilo si deni la biashara, bali ni ghasbu. Wala hapana udhuru kwa kusema kuwa mali ya Serikali haina mwenyewe. Mali ya Serikali ni ya watu wote. Mwenye kuiiba ameiba katika fungu la yatima wa Buhongwa na mjane wa Ukerewe, na siku ya Kiyama wadai wake watakuwa wengi kuliko wa aliyemwibia mtu mmoja.

FASLI YA TATU: Nani mwenye deni?

Mas-ala. Zaidi ni mwenye nyumba, na mita ina jina lake. Amri ni mpangaji, akakaa miaka miwili kwa mita ya ankara, kisha akahama usiku akaacha deni la shilingi 600,000. Deni ni la nani?

Jawabu: Baina ya Zaidi na Shirika, deni ni la Zaidi, maana yeye ndiye aliyeweka mapatano, na jina lake ndilo lililoandikwa. Baina ya Zaidi na Amri, deni ni la Amri, maana yeye ndiye aliyekula manufaa. Basi Zaidi atalipa, naye atamdai Amri. Na Amri, hata akahamia Musoma au Bukoba, dhima yake haikuhama. Alivuka maji na deni lake mgongoni.

Mas-ala. Mpangaji akinunua LUKU akakatwa kodi ya jengo, ni nani wa kuilipa?

Jawabu: Kwa kanuni za nchi kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akiilipa kwa kulazimika na mita, ana haki ya kuirudishiwa, au kupunguziwa katika kodi ya chumba, ila wakiwa wamepatana vingine tangu mwanzo. Mwenye nyumba anyamazaye akajua kuwa mpangaji humlipia, anakula mali ya mtu bila ya ridhaa yake. Shilingi 1,500 ni kidogo, lakini mizani ya Akhera hupima hata kilicho kidogo kuliko hicho.

Mas-ala. Wapangaji sita wana mita moja, na kila mmoja hutoa sawa. Mmoja ana taa moja, mwingine ana friji na jiko la umeme. Je, ni haki?

Jawabu: Wakiridhiana kwa kujua, ni haki. Ama ikiwa mwenye taa moja hutoa kwa haya tu na kwa kuogopa ugomvi, ridhaa hiyo si ridhaa. Na hisabu haifichiki. Taa ndogo ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku haifiki uniti moja na nusu kwa mwezi. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa tatu kila siku hula uniti 90. Kwa bei iliyotangazwa mwaka 2016 kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, nayo ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, yule wa kwanza atumia kiasi cha shilingi 400, na huyu wa pili shilingi 26,280. Vipi watalipa sawa? Na wapatane kwa vyombo, au kila mmoja atie mita yake ndogo.

Mas-ala. Mume aweza kumtwika mkewe deni la umeme?

Jawabu: Hawezi. Maskani na mahitaji yake ni juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake, na mafakihi wa madhehebu wameitaja hata taa ya usiku katika haki za mke, kwa kufuata ada ya mji. Mke akilipa kwa hiari yake, ni wema wake, na Mwenyezi Mungu atamlipa. Lakini mume anywaye kahawa barazani huku mkewe akiuza maandazi ili alipie taa, huyo ameacha wajibu wake akafanya mzaha.

FASLI YA NNE: Mwenye uwezo na asiye na uwezo

Wenye kudaiwa ni watu wawili, na sharia haikuwaweka pamoja.

Wa kwanza ni mwenye uwezo achelewaye kulipa. Huyu Bwana Mtume (S.A.W.) ameuita ucheleweshaji wake kuwa ni dhuluma, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Akidaiwa naye anacho, ni haramu kwake kuahirisha. Na uwezo haupimwi kwa maneno. Katika mlango wa mufilisi, kadhi akiuza mali ya mwenye deni, humwachia nguo zimstahiliazo, na chakula cha siku ile kwake na kwa wanaomtegemea. Hata nyumba yake huuzwa. Basi mtu mwenye friji mbili na runinga ukutani aseme vipi kuwa hana?

Wa pili ni asiye na kitu kwa kweli. Huyu Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Bakara, aya ya 280, kuwa angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Haifai kumwonea wala kumfedhehesha. Lakini deni lililotokana na biashara, mwenye kudai ufukara hutakiwa kuuthibitisha kwa mashahidi wajuao hali yake ya ndani. Kwa hiyo na asichukie akiulizwa ushahidi, au barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Na katika madhehebu, fukara halazimishwi kujikodisha ili alipe, illa deni lake likiwa limetokana na maasi. Basi aliyeiba umeme hana ruhusa ya kukaa akingoja wepesi. Yampasa kutubu na kuhangaika kutafuta cha kulipa, kwani toba yake haitimii mpaka airudishe haki.

Na msamaha una mwenyewe. Wako wasemao: "Wakubwa hawalipi, nami sitalipi." Hiyo si hoja. Ni kweli kwamba madeni makubwa yalikuwako. Mwezi wa Machi 2017 Rais John Magufuli, akiwa Mtwara, aliiamuru TANESCO iwakatie umeme wote wenye madeni bila ya kuangalia cheo, na Shirika la Umeme la Zanzibar lilikuwa miongoni mwa waliodaiwa, kwa deni lililozidi shilingi bilioni 100. Mwanzo wa mwaka 2019 ndipo Serikali ya Muungano ikaifuta kodi ya ongezeko la thamani iliyokuwa imelimbikizwa juu ya umeme wa Zanzibar. Mafunzo yaliyomo humo ni mawili. La kwanza, lililofutwa lilifutwa na mwenye mamlaka nalo baada ya mazungumzo, wala wenye kudaiwa hawakujifutia wenyewe. La pili, dhuluma ya mkubwa haihalalishi dhuluma ya mdogo. Kila mtu atafufuliwa na daftari yake.

FASLI YA TANO: Njia ya kulipa

Aliyezidiwa na deni la umeme na ashike mambo saba haya.

La kwanza, asijifiche. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba katika sala yake aepushwe na deni, alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akiingia katika deni husema akasema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Yaliyo katika nyumba nyingi ndiyo hayo hayo. Akija mtu wa mita, mtoto huambiwa aseme baba hayuko. Deni la fedha litalipwa siku moja. Ama mtoto aliyefundishwa uwongo na babaye, ni nani atakayemlipa?

La pili, ahakikishe hisabu. Na achukue ankara zake zote, na stakabadhi, na namba ya mita, aende ofisi ya TANESCO ya wilaya yake aombe taarifa ya deni: ni la miezi gani, uniti ngapi, na faini ikiwako ni ya nini. Kulipa lisilo deni si wajibu. Akiona pana kosa, na apeleke malalamiko kwa maandishi hapo hapo. Asiporidhika, yako malalamiko kwa EWURA, msimamizi wa nishati na maji, wenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza. Na liko Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lenye kuwasaidia wateja. Kudai haki kwa adabu si ugomvi.

La tatu, apatane. Amepokea Bukhari kuwa Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya msikiti, sauti zao zikapanda. Bwana Mtume (S.A.W.) akafunua pazia ya chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu, Kaab akakubali, ndipo akamwamrisha yule mwenye deni ainuke alipe. Na atazame msomaji utaratibu ule: mwenye haki alipunguza, na mwenye deni akaamrishwa kulipa mara ile ile. Basi mwenye kudaiwa na aombe kulipa kwa mafungu, na aandike mapatano, kama aya ya 282 ya Suratul Bakara iagizavyo kuandika madeni.

La nne, ahadi yake ifuate kipato chake. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa huvua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawakusanyiki taani, na mitumbwi hukaa pwani siku kadha wa kadha. Mtu huyu akiahidi kulipa kila wiki sawasawa, amejiahidia uwongo. Na aahidi kulipa mwisho wa giza, akishauza dagaa wake. Tuseme deni ni shilingi 1,200,000: akitenga 100,000 katika kila giza, katika miezi kumi na miwili amekwisha. Akitenga 50,000 ni miaka miwili. Ni muda mrefu, lakini una mwisho. Ama kukaa hakuna mwisho.

La tano, apunguze matumizi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula uniti 9 kwa mwezi, na ile ya wati 9 haifiki uniti moja na nusu. Nguo na zipigwe pasi zote siku moja. Mwenye deni haimfalii kuishi kama asiye na deni.

La sita, atangulize deni mbele ya sadaka. Imamu Nawawi katika Minhaj amelisahihisha kauli ya kuwa ni haramu mtu kutoa sadaka kile akihitajiacho kwa chakula cha wanaomtegemea, au kwa deni asilotumai kulilipa kwa njia nyingine. Basi mwenye kuchinja ng'ombe wa maulidi, au kufanya arusi ya siku tatu, na deni la umeme li pale pale, na ajue kuwa wageni wamekula haki ya mtu mwingine.

La saba, asitoke katika deni akaingia katika riba. Wako mitaani wakopeshao mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", na jina lake latosha kuieleza. Wako pia wakopeshao kwa simu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni 69 wasio na leseni. Mwenye kukopa 100,000 kwa riba ili alipe 100,000 ya umeme, amelihamisha deni toka kwa adai kwa upole akalipeleka kwa adai kwa ukali, tena amemkasirisha Mola wake. Njia za halali zipo: mkopo mwema wa ndugu asiyetaka ziada, na upatu wa jamaa wanaoaminiana. Na akiwa ni fukara wa kweli, deni lake si la maasi na wakati wake umefika, basi yumo katika wenye kudaiwa waliotajwa katika Suratut Tauba, aya ya 60, na yafaa kupewa zaka alipe. Matajiri wa Mwanza, wenye maduka na mabasi na viwanda vya samaki, na wakumbuke fungu hili wakati wa kugawa zaka zao.

FASLI YA SITA: Mtu akifa na deni la umeme

Mtu akifa, haki zilizofungamana na kitu maalumu katika mali yake, kama rehani, hutangulizwa, kisha gharama za kumwosha, kumkafini na kumzika, kisha madeni yake, kisha wasia wake katika thuluthi, ndipo warithi. Deni la umeme limo katika madeni. Warithi wakigawana nyumba ya Pasiansi na mtumbwi wa Kayenze kabla ya kulipa deni, wamegawana mali isiyokuwa yao.

Imepokewa kuwa aliletwa maiti ili Bwana Mtume (S.A.W.) amsalie. Akauliza kama ana deni. Alipoambiwa kuwa analo, na hakuacha cha kulipia, aliwaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipolidhamini deni lile ndipo akamsalia. Deni lenyewe lilikuwa dinari chache. Na imepokewa kuwa shahidi husamehewa kila kitu ila deni. Basi ikiwa damu ya shahidi haikulifuta deni, wala giza la kukatiwa umeme halilifuti.

Kwa hiyo kila mwenye deni hili na aandike katika wasia wake: namba ya mita, kiasi cha deni, kiasi alicholipa, na mahali zilipo stakabadhi. Karatasi moja yatosha kuwaokoa watoto na mabishano, na kumwokoa yeye na kifungo cha kaburini.

KHATIMA

Muhtasari wa mafunzo haya ni kuwa umeme uliotumika ni haki ya mtu, na haki ya mtu haifi kwa kunyamaziwa. Mwenye kuweza na alipe leo. Asiyeweza na aende mwenyewe, aseme kweli, aandikiane, alipe kidogo kidogo kwa nia ya kumaliza. Kwani amepokea Bukhari kuwa mwenye kuchukua mali za watu naye ataka kuzilipa, Mwenyezi Mungu humlipia, na mwenye kuzichukua kwa kutaka kuziangamiza, Mwenyezi Mungu humwangamiza yeye.

Mwenyezi Mungu awatoshee waja wake kwa halali yake, awalipie madeni yao, na aziwashe nyumba zao kwa nuru isiyo na dhuluma ndani yake. Amin. Wallahu aalam.